Mtambo wa Mtumba na Kiwanja cha Mlimani

Mama zetu, dada zetu na jamaa nyote mnaotusoma kila wiki, leo safu hii inaacha jiko na sebule, inapanda mlima. Huenda baadhi yenu mkauliza: ukurasa wa familia na mtambo wa kuchimba ardhi, wapi na wapi? Swali ni la haki. Jawabu letu ni kwamba fedha za mirathi na akiba za akina mama mara nyingi huishia kwenye ardhi, na si kila ardhi ni tambarare. Anayemiliki mteremko anamiliki pia kazi ya kuutengeneza, na kazi hiyo humeza fedha kimya kimya kuliko nyumba yenyewe. Sisi yametufika, na tunayasimulia kama yalivyokuwa.

Marehemu baba yetu alituachia shamba upande wa Shimba, si mbali na mji wa Kwale. Ni mahali pa upepo mwanana na minazi michache, na siku ya mbingu safi bahari huonekana kama utepe wa buluu chini kabisa. Mirathi ilipogawanywa, mama alipata fungu lake, kaka yetu lake, na sisi mabinti watatu yetu. Ni viwanja vitano vilivyoshikana, vyote vimelala ubavuni mwa mlima mmoja, na njia ya kuvifikia ni moja. Mama hakutaka tena kukaa Mombasa. Nyumba yake ikajengwa huko juu kwa mawe na saruji vilivyopandishwa na punda na mabega ya vijana.

Masika ya mwaka juzi njia ile ilikatika. Maji yalishuka kutoka juu yakachimba handaki katikati yake, kina chake kikamfika mtu kiunoni. Usiku mmoja mama akashikwa na kifua. Gari la jirani lilifika chini ya mlima likasimama papo hapo, halina pa kupita. Kaka yetu na vijana watatu wakamshusha mama akiwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, mmoja akitangulia na taa, sisi tukifuata nyuma viatu mkononi. Mwendo wa dakika kumi ulichukua karibu saa nzima. Alhamdulillah, alifika hospitali na akapona. Lakini tangu usiku ule hapakuwa na mjadala tena kama barabara inahitajika; uliobaki ni mjadala wa namna ya kuipata.

Tulianza kwa kukodi, na hata leo wanaotuuliza huwaambia kwamba kukodi ndio mwanzo wa busara. Familia yenye shimo moja la choo na msingi mmoja wa nyumba haina haja ya kumiliki mtambo mzito, kama vile mwenye karamu moja asivyohitaji kununua masufuria ya arusi. Kwetu sisi ukodishaji ulituangusha mara mbili. Mtambo wa kwanza ulifika chini ya mlima asubuhi baada ya manyunyu. Dereva akautazama udongo mwekundu uliolowa, akatikisa kichwa, akalala ndani ya kebini hadi alasiri. Na malipo ya siku tukayatoa yote, kwa kuwa mapatano yalihesabu siku, hayakuhesabu kazi. Wa pili ulichimba kweli, lakini mwenyewe alikuwa na haraka ya kuwahi kwingine. Udongo alioukata upande wa juu aliusukuma upande wa chini bila kuushindilia, na mvua ya kwanza ikauchukua pamoja na nusu ya njia.

Ndipo dada yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alipochukua daftari. Aliandika kila kazi ya viwanja vyote vitano: mita 300 za barabara, mahali pa kusawazishwa kwa ajili ya nyumba, mashimo ya matangi ya maji na ya vyoo, mitaro ya kupokea maji ya juu, kusomba mawe na mchanga. Akazigeuza kazi hizo kuwa saa za mtambo, na hesabu ikapita saa 400, zilizotawanyika katika misimu miwili ya kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua mlima haufanyiwi kazi. Hapo kununua mtambo uliotumika, kuutumia na kisha kuuuza tena, kukaanza kuwa na maana. Kaka na sisi tukachanga. Mama akatoa fedha za nyumba ya Mji wa Kale aliyoiuza, nazo zilikuwa fedha zake zote. Hilo ndilo lililotutia hofu iliyotupasa.

Mtambo wenyewe mnaujua kwa sura. Mbele una ndoo pana ya kuzoa na kusukuma, nyuma una mkono mrefu wenye ndoo nyembamba ya kuchimba, na kiti cha dereva hugeuka ili atazame upande anaoufanyia kazi. Hapa kwetu kila mtu huuita JCB hata ukiwa wa Case au Caterpillar. Jina hilo ni herufi za Joseph Cyril Bamford, Mwingereza aliyeanza karakana yake mwaka 1945 na kutoa mtambo wake wa kwanza wa namna hii mwaka 1953. Wamarekani wa Case wakatoa wao mwaka 1957. JCB iliingia India mwaka 1979, na siku hizi Kenya mtu huikuta ile ya India, aina ya 3DX, na pia 3CX zilizokwisha kutumika Uingereza zikaletwa kupitia bandari yetu. Uzito wake ni kama tani 7 au 8, unachimba kina cha zaidi ya mita 4, na hujiendea wenyewe barabarani bila kubebwa na lori. Ndiyo sababu umependwa. Hata hivyo haukuundwa mahsusi kwa ajili ya mlima, na kwenye mteremko mkali eskaveta ya minyororo huushinda bila shaka yoyote. Kwa pembe moja ya kiwanja cha dada mdogo tulikodi eskaveta siku mbili, wala hatukuona haya.

Kabla ya kutazama hata mtambo mmoja tulimwendea mzee mmoja wa Ukunda, dereva wa mitambo mizito aliyestaafu, rafiki wa marehemu baba. Tulidhani atazungumza juu ya injini. Badala yake aliuliza, "Wanangu, mlima wenu umeinama kiasi gani?" Hatukujua. Akatufundisha kuupima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao waashi huutumia kusawazisha msingi. Kamba ya mita 10 ikivutwa kutoka juu hali imesawazishwa, ncha yake ya chini hubaki hewani, na kimo kutoka ncha hiyo hadi ardhini ndicho mwinamo. Kwetu sehemu nyingi zilikuwa mita 2, sehemu chache mita 3. Mita 2 katika 10 ni kama nyuzi 11, na mita 3 ni kama nyuzi 17. Kwa macho ya mpita njia ni mteremko wa kawaida. Kwa mtambo wa tani 8 uliobeba udongo ni jambo jingine.

"Basi," akasema mzee, "msitafute mtambo unaochimba vizuri. Yote inachimba. Tafuteni unaosimama vizuri."

Tulimwomba atufafanulie, naye akatueleza mpaka chai ikapoa. Mtambo huu una magurudumu manne, lakini mlimani uhesabiwe kuwa na matatu. Ekseli ya mbele imeshikwa katikati kwa pini moja ili iweze kuyumba juu na chini panapokuwa na mawe na mashimo. Kwa hiyo kinachouzuia mtambo usilale ubavu ni pembetatu ya magurudumu mawili ya nyuma na pini ile ya mbele, na uzito ukitoka nje ya pembetatu hiyo mtambo unapinduka. Ndiyo maana hauendeshwi kukata mlima kwa ubavu. Hupandishwa na kushushwa wima, ndoo ya mbele ikiwa chini, karibu kugusa ardhi. Dereva anayeinua ndoo iliyojaa juu ya kichwa chake hali mtambo umeinama anacheza na roho yake.

Ipo mitambo ambayo injini yake huzungusha magurudumu ya nyuma peke yake. Bei yake ni nafuu, na kwenye uwanja wa tambarare hufanya kazi yake vyema. Mzee alitukataza hata kuitazama. Ndoo ya mbele ikijaa, uzito huhamia mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki mepesi na kuteleza. Kushuka ni kubaya zaidi, kwa sababu mingi kati ya mitambo hii breki zake zimo kwenye ekseli ya nyuma tu. Mtambo wenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ukiwekwa katika hali hiyo na katika gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, husaidiwa na ekseli ya mbele kujizuia. Kabla ya kuanza, si katikati ya mteremko. Neno hilo mzee alilirudia mara mbili.

Kisha kuna breki zenyewe, ambazo sisi hatukujua kuwa zina makanyagio mawili. La kushoto hushika gurudumu la kushoto na la kulia hushika la kulia, ili dereva apate kugeuza mahali pembamba. Kati yake pana kitasa kidogo cha kuyaunganisha. Barabarani na mlimani kitasa hicho sharti kifungwe, kwani kukanyaga upande mmoja pekee wakati wa kushuka huweza kuugeuza mtambo ubavu. Tukaambiwa tukitazame kabla ya jambo jingine lolote. Kikiwa kimepotea, au makanyagio yamefungwa pamoja kwa waya, tumekwisha kujua jinsi mwenyewe alivyouangalia mtambo wake.

Na miguu. Mtambo unapochimba kwa mkono wa nyuma husimama juu ya miguu miwili ya chuma. Katika baadhi, hasa ya asili ya Marekani, mkono umefungwa katikati na miguu hupanuka nje kama mtu aliyetanua magoti. Hiyo hukaa imara zaidi kwenye ardhi isiyo sawa. Katika mingine, kama JCB nyingi tunazoziona, mkono wa nyuma huweza kusogezwa kushoto au kulia, na miguu hushuka wima bila kupanuka. Hiyo ni mizuri karibu na ukuta lakini yataka mahali palipolingana. Kwa mlima ile ya kwanza ndiyo bora. Kwa vipuri, fundi wetu alipendelea JCB, ambayo anaijua na ambayo mpira wa mafuta ukipasuka hatangoja wiki. Tulipima mambo hayo mawili siku nyingi. Mwishowe tulifuata vipuri, kwa sharti moja tutakalolitaja baadaye.

Yadi ya kwanza ilikuwa upande wa Mariakani. Mtambo uling'aa kama sahani ya arusi. Hata mipira ya mafuta ilikuwa imepakwa rangi ya manjano, jambo ambalo lingetosha kututia shaka, kwani rangi mbichi juu ya mpira huficha nyufa na juu ya chuma huficha mishono ya kuchomelea. Muuzaji alizungumza muda wote na mpwa wetu wa miaka kumi na tisa, aliyekuja kutusindikiza tu, kana kwamba sisi watatu tulikuwa mizigo yake. Tulikuwa tumeomba tuukute mtambo ukiwa baridi. Tulifika saa mbili asubuhi, na dada yetu mdogo, ambaye ni muuguzi, akaweka kiganja juu ya boneti kama awekavyo juu ya paji la mgonjwa. Ilikuwa moto.

"Mmeshauwasha?"

"Tulikuwa tunausogeza tu, mama."

Injini iliyochoka hupenda kuwaka ikiwa moto. Ikiwa baridi ndipo husema kweli. Tukangoja. Tukaswali adhuhuri katika msikiti wa jirani, tukarudi, wakauwasha. Uliguna kwa muda mrefu kabla ya kushika, kisha ukatoa moshi wa buluu usiokwisha. Moshi mweusi waweza kuwa chujio la hewa lililoziba au dizeli isiyoungua vyema, na hutengenezeka mara nyingi. Mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto huashiria maji yanayoingia mahali pasipo pake. Wa buluu ni oili inayoungua, yaani injini inataka kufunguliwa. Kifuniko cha kutilia oili kilipofunguliwa hali injini inanguruma, pumzi ikatoka kwa nguvu kama birika linalochemka. Saa iliyohesabu kazi za mtambo ilisoma 4,800, lakini mpira wa makanyagio ulikuwa umeliwa hadi chuma. Saa hubadilishwa kwa dakika chache.

Hata hivyo jambo lililotuondoa pale lilikuwa jingine. Yadi ilikuwa na njia ya mteremko ya kupandishia magari kwenye malori. Tuliomba mtambo upandishwe nusu yake, utiwe breki ya mkono, uachiwe gia. Ukaanza kurudi nyuma, polepole kisha si polepole, mpaka dereva akaibwaga ndoo chini ikakwaruza saruji. Muuzaji akacheka. "Mlimani ndoo ndiyo breki," akasema.

Tuseme kweli: madereva wengi hufanya hivyo, na kuiteremsha ndoo unapoegesha ni sheria njema. Lakini ndoo haizuii mtambo unaoshuka barabara mtoto wako akitoka nyuma ya kichaka.

Siku ile ile jioni muuzaji alimpigia kaka yetu akapunguza bei sana. Kaka akataka tuukubali. Breki, akasema, zitatengenezwa baadaye. Yalikuwa majadiliano makali, na tunamstahi kaka yetu hata hatutaki kuyaeleza yote. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mimi nimeshashushwa mlima ule mara moja bila breki," akasema, na shauri likaishia hapo.

Mtambo tulioununua ulikuwa na sura mbaya. Ulikuwa wa mkandarasi mmoja aliyemaliza kazi yake ya mabomba. Rangi imepauka, kioo kimoja cha kebini kimepasuka, kiti kimeshonwa kwa kamba. Lakini mwenyewe, kabla hatujauliza, alitwambia kuwa silinda ya mguu wa kushoto inavuja na kwamba pini za ndoo ya nyuma zimelegea. Wauzaji wangapi hufanya hivyo? Sheria ya biashara katika dini yetu humtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa, na humpa mnunuzi hiyari ya kurudisha kilichofichwa kasoro. Lakini kuisikia kasoro kutoka kinywani mwa mwenye mali ni raha ambayo mnunuzi wa vitu vya mtumba haipati kila siku.

Haikuwa sababu ya kutokagua. Mzee wa Ukunda alikuja nasi, akauinua mtambo mzima kwa kuikandamiza chini ndoo ya mbele na miguu ya nyuma, mpaka magurudumu yote yakaning'inia. Akazima injini. Kisha akaagiza chai. Robo saa baadaye tukatazama: upande wa kushoto ulikuwa umeshuka upana wa vidole viwili, kama mwenyewe alivyosema, na kwingine kote palikuwa vilevile. Magurudumu yakiwa hewani aliyatikisa moja moja kusikiliza beringi. Aliurusha mkono wa nyuma kushoto na kulia, akatuweka sisi tutazame pale mkono unapoungana na mwili wa mtambo, kwa sababu pini na bushi za ndoo ni matengenezo madogo, lakini tundu la shinani likiliwa hadi likawa yai, hapo ndipo fedha za mama hupotelea. Lilikuwa duara. Alichunguza shina la mkono na fremu kama pana ufa au mshono mpya. Alipitisha ukucha juu ya vyuma vyeupe vya silinda, kwani mkwaruzo mmoja hukata sili kila mwezi. Dada mdogo alinusa oili ya giaboksi kwenye kijiti chake. Iliyoungua hunuka kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Mafuta ya haidroliki yakifanana na chai ya maziwa, yameingia maji. Haya yalikuwa safi.

Kisha tukaupeleka mlimani. Tunalisisitiza hili: mtambo wa kazi ya mlima ujaribiwe mlimani, na asiyekubali amekujibu. Ulipanda wima na ndoo yenye udongo, ukasimama katikati, ukatiwa breki ya mkono na kuachiwa gia. Tukahesabu dakika kumi na tano kwa saa ya dada mkubwa. Haukusogea. Ukashuka, ukasimamishwa tena na tena kwa breki ya mguu, na kitasa cha makanyagio kilikuwa mahali pake, kimeng'aa kwa kutumika.

Kwa upande wa makaratasi tuliyafanya yanayojulikana: jina katika logibuku lilingane na kitambulisho cha anayeuza, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyoandikwa, na mtambo usiwe na deni la benki nyuma yake; umiliki huhamishwa kupitia NTSA na si kwa kupeana mikono. Tuliandikiana mapatano mbele ya mashahidi, na zile kasoro mbili zikaandikwa humo pamoja na tairi mbili za nyuma zilizokwisha, ndipo bei ikashuka kwa kiasi cha kuzitengeneza. Bei yenyewe hatuitaji. Ya mwaka huu si ya mwaka ujao. Kulikuwa na aliyetushauri tukope kwa riba ili tununue mtambo mpya. Tulikataa, na wanaohitaji msaada wa fedha wakumbuke kwamba tangu 2008 nchi yetu ina mabenki yanayofuata sharia, ambayo hununua kitu na kukuuzia kwa faida inayojulikana. Ukaguzi wenu ufanywe kabla benki haijanunua, wala si baada yake.

Sasa lile sharti. Kwa kuwa miguu ya mtambo wetu haipanuki, haukuchimba hata siku moja hali umeinama. Kila mahali pa kazi ndoo ya mbele ilikata kwanza kitako kilicholingana, kama ngazi, mtambo ukaketi juu yake, ndipo mkono wa nyuma ukaanza. Ilichukua muda, na dereva kijana tuliyempata alinung'unika wiki nzima ya kwanza. Ndoo iliyojaa aliigeuza kuelekea upande wa juu, si wa chini. Mkanda wa kiti aliufunga, kwa sababu kebini ya chuma humlinda aliye ndani yake, si aliyeruka nje. Na kila fundi alipotaka kupita chini ya mikono ya mbele iliyoinuliwa, kile kipande cha chuma cha kuizuia kiliwekwa kwanza.

Kwa watoto tulikuwa wakali kuliko kwa dereva. Mtambo wa manjano kwa mtoto ni kama sikukuu. Siku ya pili tu tuliwakuta wapwa wawili wameketi ndani ya ndoo ya mbele wakiomba wapandishwe. Tangu hapo injini haikuwashwa mpaka mmoja wetu awe amewahesabu wote barazani, na aliyehesabu ndiye aliyempungia dereva mkono. Anayeona jambo hili ni dogo amwulize fundi yeyote kile ambacho dereva wa mtambo huu haoni nyuma yake.

Udongo uliokatwa safari hii hatukuusukuma ovyo. Ulipangwa tabaka kwa tabaka, ukashindiliwa, na hakuna nyumba itakayosimama juu yake. Nyumba ni kwa ardhi iliyokatwa, udongo uliojazwa ni kwa migomba na ua wa kuanikia nguo. Juu ya barabara tulichimba mtaro wa kupokea maji ya mlima na kuyapeleka pembeni kwenye mawe. Laiti tungeanza na mtaro huo mwaka ule wa kwanza, barabara ya zamani huenda ingekuwapo hata leo.

Mama alipandishwa kwa gari hadi mlangoni mwake mwezi Februari. Alikaa kiti cha mbele, akashika mpini wa mlango njia nzima, akashuka, akatazama chini alikotoka, kisha akauliza kama tumekumbuka kununua nazi.

Viwanja viwili bado. Silinda ya mguu wa kushoto imetiwa sili mpya, na pini za ndoo zimebadilishwa. Mvua zimeanza, kwa hiyo mtambo umeegeshwa juu ya kitako cha kwanza tulichokata, ndoo zote mbili chini, miguu imeteremshwa, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Kila Ijumaa mama hutupigia simu kuuliza kama mawe yangalipo.